Kuku Mwenye Firigisi Mbili

Jumatano, 7 Mei

Kuku kutoka Angurai wamefika wamekonda kama taniboi, utingo wa trela. Nimewauza hivyo hivyo, hai, kando ya foleni ya malori hapa mpakani Malaba. Peke yangu. Ujanani tulibeba tenga moja la kuku, mimi na rafiki yangu Etyang. Sasa ana duka na friji. Anauza kuku wa pakiti, waliopigwa miale. Ati miale inaua vijidudu, kuku anakaa kwa friji siku nyingi kuliko wa kawaida bila kuharibika. Mimi nasema maiti ni maiti, hata ukiipiga picha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimewahubiria madereva. Ukila kuku wa Etyang, usiku unawaka kama taa ya trela. Mmoja amemwaga chai kwa kucheka.

Etyang akatoka dukani. "Mzee, si wewe ulipigwa picha ya kifua? Uliwaka?"

Nikamwambia mimi nilipigwa nikiwa hai.

Wamecheka, halafu wameingia kununua kwake. Mbwa hawa. Mke wangu Perpetua peke yake ndiye yuko upande wangu.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya kuku. Jana nilimshika jogoo mwekundu, yule wa kidole kilichokatika, nikampa Perpetua achinje. Etyang amekuja kula, kama Jumapili zote. Ugomvi wetu ni wa sokoni, haufiki mezani.

Firigisi ni ya mwenye boma, hiyo hata mtoto anajua. Nimefunua bakuli. Firigisi mbili.

Nikauliza huyu ni kuku gani, ana tumbo la kazi na tumbo la akiba?

"Mungu amekubariki, Baba Wafula. Kula," Perpetua akasema. Etyang akaangalia mabati ya paa.

Nimekula zote mbili. Tamu. Lakini kuna kitu.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwona jogoo wangu. Mzima! Ndani ya tenga, nyuma ya duka la Etyang, kidole kimekatika vilevile, anawika bila haya. Na nilimla Jumapili.

Etyang hakukana. Perpetua humpa kuku wangu hai, yeye anawauzia madereva wanaotaka wa kienyeji. Naye humpa Perpetua kuku wa pakiti, na firigisi za pakiti, nisishtuke. Safari hii Perpetua alizidisha, akatia mbili.

"Tangu Krismasi, mzee. Na supu ulisifu."

Madereva walijua. Nikihubiri, kumbe walikuwa wananicheka mimi.

Jumatano, 14 Mei

Tumbo haliumi. Siwaki. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi. Nyama ilikuwa sawa, watu ndio wameoza.

Perpetua anasema vidole vyake vimevimba, kunyonyoa manyoya kunamuua, na wa pakiti huja amenyonyolewa. Angeniambia. Labda ningemcheka. Lakini angeniambia, si kwenda kumwambia Etyang.

Jumapili, 18 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Hakuna kuku. Perpetua amepika mboga ya mrenda na ugali, amekula jikoni. Mimi nimekula nje.

Mchana Etyang amepita na baiskeli. Amepunguza mwendo hapa langoni, mguu mmoja chini. Nilikuwa na maneno ya kumtania, mazuri kabisa, yako tayari mdomoni.

Nimeyameza. Akasubiri nimkaribishe, halafu akakanyaga pedali, akaenda.