Hodi Niliyokataa Kuiitikia

Kitindamimba wangu,

Amani ya Mungu ikufikie popote ulipo. Jina lako sikuliandika, wala langu. Binti wa hospitali, atakayeichapisha barua hii ikufikie, anasema kwao majina huondolewa ili mtu asidhurike. Utajijua kwa shuka la maua.

Unalikumbuka? Mganga alikufunika nalo siku tatu hapa Kinjumbi, ubani unafuka mpaka kuku wakahama uani. Nilimwita mimi, uliponiambia moyo wako hauendi kwa wanawake. Nikasema ni jini. Na jini, ada yake liulizwe jina ndipo litolewe. Akakuuliza, "Nani wewe?" Ukajibu ndani ya shuka, sauti imekauka, "Ni mimi, mama." Mganga akacheka. "Mjanja huyu! Kajificha kwenye sauti ya mtoto." Ngoma zikaongezwa. Na mimi nilipiga makofi, mwanangu.

Siku ya nne ukaondoka. Mganga akaniachia sharti: nikisikia sauti yako mlangoni nisiitikie, maana si wewe.

Mwaka haukuisha. Saa saba mchana, nabangua korosho ukumbini. "Hodi, mama." Nikaacha kubangua. "Mama, hodi. Ni mimi." Mara ya tatu sauti ilikuwa kama ya mtu anayesemea ndani ya nguo. Nikauma kanga, nikanyamaza. Nilipofungua, mchanga niliofagia asubuhi haukuwa na unyayo hata mmoja. Ila uani, kata ilikuwa imefudikizwa, mdomo chini, juu ya mtungi, inachuruzika maji. Nani mwingine ila wewe hufudikiza kata nyumbani kwangu?

Tangu hapo usingizi ukanihama. Presha ikanifikisha hospitali, Lindi, nikapelekwa kwa binti wa saikolojia. Nikamweleza yote, nikijua atanifukuza. Akasema, "Mama yangu, hilo la mwanao si jini, wala si ugonjwa." Kumbe wanasaikolojia wana vyama vyao, huko na huko duniani, vinavyochunguza maisha ya watu kama wewe kwa kuwasikiliza wenyewe, na kufundishana kuwahudumia bila kuwaumiza. "Hatumtoi mtu kitu," akasema. "Tunamwuliza, kisha tunaliamini jibu lake."

Nililia mbele ya mtoto wa watu. Wewe ulishajibu, mwanangu. Siku tatu ulijibu.

Ya Mungu namwachia Mungu, na kila swala nakuombea. Kinachonitafuna ni kimoja: simu yako haipatikani, nami sijui niliyemnyima mlango alikuwa wewe mzima, au ulikuja kuniaga.

Jana, saa ileile, nimesikia tena. Hodi moja, ya chini, karibu kabisa na ubao wa mlango. Sikuuliza nani. Nikasema, "Karibu, mwanangu, pita ndani!" Nikafungua. Jua tupu.

Mlango sikuufunga tena. Shuka nimelifua, limetandikwa kitandani kwako. Mtungi umejaa, na kata nimeiacha juu yake, mdomo juu. Kila nikipita uani naiangalia.

Mola akulinde njiani, uwe unatembea au umelala.

Ni mimi,
Mama yako