Umeacha Watoto Watano

Mama,

Shikamoo. Kwanza nikushtakie watu wako. Siku tunakuzika pale Ipole, Baba Mdogo alisoma wasifu wako kwa sauti nzito: "Marehemu ameacha watoto wanne." Wanne! Na mimi wa tano nimekaa pale pale mkekani, nimemshika mkono Dada Kabula. Eti mimi ni wa kulelewa tu, mtoto wa kutoka kule kwa wakimbizi, Ulyankulu. Niliumia, Mama, mpaka machozi yakagoma kutoka.

Ungekuwapo ungemkata kauli. Wageni walipouliza, "Na huyu ni wa nani?" ulikuwa unaendelea kukamua masega yako ya asali, hata uso huinui: "Wangu. Una lingine?"

Nikarudi chuoni Dar, kwenye galaksi zangu ulizokuwa ukiziita vumbi la Mungu. Kuna moja ina umbo la dengu: nene katikati, nyembamba pembeni, haina ile mikono iliyojipinda ya galaksi nyingine. Iko mbali mno, tena imekaa kando ya kundi la galaksi nne, ndiyo maana orodha za zamani ziliiacha nje. Mwalimu wangu akasema, "Hiyo mpita njia tu, achana nayo." Nikakataa katakata. Wiki tatu nilipima mwanga wake. Kasi yake ya kwenda mbali nasi ni karibu sawa na ya zile nne, na umbali wake vilevile. Zinavutana, zinasafiri pamoja. Mwalimu akarudia hesabu mwenyewe, akakuna kichwa, akaandika kwenye orodha: galaksi tano.

Basi nilicheka peke yangu mle ofisini, halafu ndipo nikakulilia, kilio chote kile cha msibani. Nilipomaliza nikampigia Baba Mdogo. Tukasalimiana vizuri, kisha nikamwambia, "Baba, ulikosea siku ile. Mama ameacha watoto watano." Sikuomba wala sikujieleza, nikasubiri tu. Mwishowe akaguna: "Haya, mwanangu. Njoo tujenge kaburi."

Ijumaa nashuka na treni Tabora, Jumamosi niko kwako. Pumzika, Mama. Asante kwa kunichukua. Na nakuahidi hivi: saruji ikiwa bado mbichi, majina ya watoto wako nitayaandika mimi, kwa kidole changu, yote matano.

Mwanao,
Neema