Mvuje wa Sinaw na Kibali Chako

Ibra, Oman

Kwa mdogo wangu Makame,

Assalamu alaykum. Nimefurahi kusikia kwamba mama anakula vizuri na mguu wake umeanza kukanyaga. Mungu amzidishie. Mimi ni mzima, ila mgongo. Tangu joto liingie tunazibua mfereji wa maji wa shamba kuanzia alfajiri, na jua likipanda nadondoka kivulini kama gogo. Hapo usimsomee mama. Mwambie nimenenepa.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kibali chako cha kuja kufanya kazi huku kimefikia wapi. La pili, kama ni kweli kuna bangi ya kipande, ambayo punje yake moja inamaliza kazi ya msokoto wako mzima. Ningependa kukujibu mbalimbali, lakini yameshikana. Hicho kipande kilibakisha kidogo tu kukimeza kibali chako. Kaa kitako nikueleze.

Unamjua kwa barua zangu Bibi Zuwena, mama yake Bwana Nassor tajiri wangu. Amezaliwa Unguja mjini, na mpaka leo Kiswahili changu cha Pemba hunisahihisha kama mwalimu. Tangu wahamie nyumba mpya, vikombe vimevunjika, mkaza mwanawe ameshikwa na homa, na kiyoyozi kimekufa wiki ileile kilipofungwa. Bibi akasema hilo ni jicho la watu, na dawa ya jicho ni kuifukiza nyumba kwa mvuje, ule utomvu wa dawa unaokaushwa. Bwana na mimi tulikuwa tunakwenda Sinaw, soko la Alhamisi, kununua mbuzi. Akaniagiza mvuje, nikamnunulia donge zuri kwa muuza dawa, nikalitia kapuni.

Wakati wa kurudi tulimkuta mtu kasimama njiani na furushi, anakwenda Sur. Nikamwambia Bwana gari imejaa. Akasema mbuzi watajibana. Mtu akapanda nyuma pamoja na mimi na mbuzi, mzungumzaji hodari, akanimenyea na chungwa. Mbele kidogo tukaona polisi wanasimamisha magari. Mtu wangu akawa anainamia mizigo kama anayetafuta kitu. Polisi wakatupungia mkono tupite. Tulipofika Ibra, Sur bado mbali, aliteremka kwenye kituo cha petroli akaenda zake bila hata kuaga. Nikasema labda haja imembana.

Kapu nikampa Bibi. Yeye akakuta madonge mawili yaliyofungwa, akafurahi kwamba nimemnunulia kwa ukarimu. Tangu mafua ya mwaka jana pua yake haisikii kitu, na huo mvuje unaonuka mpaka jirani kwake ni sawa na sabuni. Akachukua donge lililokuwa laini zaidi, akavunja kipande cha kutosha, akakitia kwenye chetezo chenye makaa, akafunga milango na madirisha. Alikuwa na jirani yake Bi Salma, mtu mzima mwenzake, aliyekuja kunywa kahawa.

Mimi nilikuwa uani natengeneza zizi. Harufu ikanijia, nikageuka nyuma nikidhani umefika wewe.

Nikakimbilia ndani. Vikongwe wamekaa mkekani, sahani ya halua ya wageni iko tupu.

"Faki," Bibi akaniita polepole, "hivi huu mlango siku zote una upana huu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Zuwena, mtizame mbuzi yule dirishani," akasema Bi Salma. "Ananicheka."

"Hakucheki wewe, habibti. Anacheka hiyo kanzu yako."

Wakacheka mpaka buibui za watu wazima zikaanguka mabegani. Kisha Bi Salma akashika kifua, akasema moyo wake unakwenda mbio kama kuku anayefukuzwa, na kwamba anakufa na hajamuaga mtu. Pale kicheko changu kikakatika. Nikatoa chetezo nje, nikafungua madirisha yote, nikawalaza, nikawanywesha maji, nikamwita Gul, fundi wa Kipakistani anayejenga ukuta wa jirani. Akanusa donge kwa mbali, hakuligusa.

"Charasi, bangi ya kipande," akasema. "Usiogope. Walale, wasisimame, usiwaache peke yao. Itapita."

Na ikapita. Kabla ya magharibi Bi Salma alikuwa ameketi anadai halua nyingine.

Tulipokuwa tunawangoja, Gul alinieleza, na mimi nakueleza wewe uliyezoea majani. Ule ute unaonata kwenye maua ya bangi ndio wenye nguvu. Kwao milimani watu huyasugua maua kwa viganja mpaka mikono inakuwa myeusi, kisha huukwangua ute na kuukanda uwe donge. Wengine hukausha maua na kuyachunga kwa kitambaa, wakaukandamiza ule unga. Fikiria nazi, Makame. Majani yako ni machicha. Charasi ni tui la kwanza, halijatiwa maji. Na alisema kuna mafuta yake, meusi kama lami, mazito kuliko hata hilo donge, na wanaoyapika wameunguza nyumba zao. Anayeanza hukosea hapohapo: hupima kwa jicho alilolizoea kwenye majani. Tena akiila, huona haifanyi kitu, akaongeza, na ya kwanza bado haijapanda. Halafu ndiyo huo moyo wa kuku, na kichwa kinachoona watu wanamjia. Gul ana binamu yake ambaye hajarudi sawasawa.

Sasa Bwana Nassor akaingia. Akaona wazee wamelala, akaona donge.

"Nani kaileta hii?"

"Imetoka kapuni mwangu, Bwana. Lakini sikuitia mimi."

"Wote husema hivyo." Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo kwake ndiyo mbaya. "Ikionekana hapa, mimi jela, wewe jela, kisha ndege. Na karatasi za ndugu yako, khalas. Sitaki Mpemba mwingine nyumbani kwangu."

Karatasi hizo nimezililia tangu mfungo. Nikamweleza habari ya yule mtu wa Sur, namna alivyoinamia mizigo tulipowaona polisi.

Bibi akasema kutoka mkekani, macho kafumba, "Nassor. Mtu huyo nani alimsimamishia gari?"

"Mimi, mama."

"Faki alikwambiaje?"

"Alisema gari imejaa."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema mbuzi watajibana."

"Basi jibane na wewe, baba."

Nilimwona anaubana mdomo usicheke, akashindwa. Akalichukua donge kwa koleo la mkaa kwenda kulitupa chooni. Gul, aliyekwisha kurudi juu ya ukuta wake, akasema kwa heshima, "Bwana, nipe mimi nikalitupe mbali." Bwana akamtazama mpaka akarudi kwenye matofali yake.

Jumamosi, kabla hajakwenda ofisi ya kazi, aliniita garini.

"Huyo ndugu yako, anavuta?"

Makame, ungekuwa mimi ungesemaje? Nimemwambia umeacha. Akaniuliza kama naapa. Nikaapa. Kibali kimo ndani ya bahasha hii, kina jina lako na muhuri. Kwa hiyo jambo nimelisema kabla halijawa, na wewe ndiye utakayelifanya liwe kweli kabla hujapanda ndege. Acha hata machicha. Na uwanjani usimbebee mtu furushi, hata akikumenyea chungwa.

Nisalimie mama, umbusu mkono. Nisalimie shangazi anayetulelea watoto, na mjomba fundi cherehani, mwambie suruali bado inavaliwa ingawa magoti yamekwenda. Mke wangu mwambie barua yake naandika kesho, ya kwake haina vikongwe. Na Bibi Zuwena anakusalimu. Anasema uje na mvuje wa Pemba, yeye wa Sinaw hautaki tena.

Ni mimi kaka yako, niliyekwisha kukuapia,

Faki