Nilipiga Magoti, Halafu Nikapita

Mpendwa Mama,

Nataka haya uyasikie kwangu kabla watu hawajakuletea ya kwao. Nimekimbia mbio za mlimani. Ndiyo, mimi, mke wa mtu, mbele ya Songea nzima.

Mwalimu mmoja mgeni hapa Lizaboni ndiye aliyezianzisha: kutoka uwanjani, kupanda mlima Matogoro kwa njia za kuni, na kurudi. Mfanyabiashara wa mahindi akatoa zawadi. Siku hizi kila jambo lina mfadhili, Mama, na hata viatu vipo, vimerundikwa chini sokoni, mitumba ya kila rangi. Nilichagua raba za bluu. Zilinizidi, nikajaza vitambaa mbele.

Njia zile ni zetu. Ndizo tulizoshuka mimi na wewe, mizigo kichwani, wewe mbele ukinifokea bila kugeuka: "Kaza shingo, legeza magoti." Nilipolia nikitaka tupumzike, ulisema tutapumzika nyumbani. Nyumbani nako hukupumzika hata siku moja.

Ni huko ulikonisimulia ya Mpitimbi. Ndio kwanza ulikuwa umeolewa, kijiji kikaandaa mbio za sikukuu, nawe ulikuwa unaongoza. Babu, baba mkwe wako, akasimama katikati ya njia. Mkwe hampiti baba mkwe aliyesimama. Ukatoka pembeni, ukapiga magoti, ukamwamkia. Akakutuma maji. Ukaenda kisimani na kibuyu, na wenzako wakapita wakicheka. Ulinisimulia ukicheka pia, lakini mimi nilikuwa mtoto, si kipofu. Nilikukasirikia kwa kwenda kisimani. Bado nina hasira kidogo, nisikufiche.

Basi baba mkwe wangu naye akapata habari. Mume wangu yuko Tunduru kwenye madini, kwa hiyo mzee ndiye anayejiona mwenye kauli nyumbani kwetu. Alinitumia watu mara mbili kunikataza. Niliwasikiliza, nikawapa uji, wakaondoka.

Siku ya mbio nilipanda taratibu, na wasichana wa shule wakaniacha. Mimi nikangoja mteremko. Wanaogopa kushuka, Mama, wanajizuia na visigino. Mimi niliwapita mmoja mmoja na kitenge changu juu ya kaptura, shingo imekaa kana kwamba nina mzigo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Kwenye kona ya mwisho, kabla ya mashamba, mzee alikuwa amesimama katikati ya njia na fimbo yake. Nilijua amekuja kwa ajili yangu. Nilitoka pembeni, nikapiga magoti kwenye vumbi, mikono pamoja, kama ulivyonilea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sasa vua hivyo viatu, urudi nyumbani, Mama Festo."

Nyuma yangu nilisikia miguu ya wasichana. Mmoja akapita, mwingine akapita. Mzee hakuwaangalia, alikuwa ananingoja mimi. Na mimi nilikuwa nakuona wewe na kile kibuyu.

"Nimekuamkia, Baba," nikasema. "Sasa naomba njia."

Hakusogea. Nikainuka, nikapita kwenye nyasi ubavuni mwake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Nikakimbia mpaka uwanjani. Zawadi ziliishia kwa watatu, nami nilikuwa wa nne. Sikujali. Nililia kidogo nyuma ya goli, halafu nikanawa uso.

Sasa anadai nimpelekee kuku wa kuomba radhi, ndivyo desturi ilivyo mkwe akimkosea mkubwa. Majirani wananishauri nimalize mambo, eti kuku ni kitu gani. Jogoo ninaye, Mama, mnene kweli. Nitamchinja Jumapili, na watakaomla ni wanangu. Heshima ya mzee nilimpa palepale njiani, kwa magoti yote mawili. Nyingine sina ya kuongeza.

Mwakani mwalimu anasema mbio zitakuwepo tena. Raba nimezifua, zimeanikwa juu ya bati ambapo kila apitaye anaziona. Mzee akitaka aje asimame palepale. Nitapiga magoti, nitamwamkia, na nitainuka.

Pale walipokusimamisha, Mama, nimepita. Pumzika sasa, tumeshafika nyumbani.

Ni mimi,
binti yako uliyekuwa ukishuka naye na kuni