Msumari wa Tatu

Mtaa wa Coecillo,
León, Guanajuato.
4 Novemba 1991

Mpendwa Kaka Fidencio,

Salamu nyingi zikufikie huko Chicago, wewe na wifi Nélida na Ulises mdogo. Hali yako? Natumaini baridi haijaanza kukusumbua kifua, na kwamba lile koti alilokushonea shangazi Casimira bado linakutosha, maana nasikia umenenepa. Sisi huku tunaendelea. Shangazi analalamika mgongo. Mimi siumwi popote, lakini tangu tumzike baba Septemba siwezi kukuandikia kwamba mimi ni mzima nikawa nasema kweli.

Picha tumeipata. Ulises ni wewe mtupu, hata hilo paji la uso. Ila Kaka, viatu gani hivyo umemvalisha? Mtoto wa miaka miwili, soli yake unatakiwa uikunje kwa vidole viwili, na ikunjike pale vidole vyake vinapokunjika, siyo katikati kama daftari. Baba angekupigia kelele hadi huko. Mloweshe miguu, msimamishe kwenye karatasi, uchore ukingo wa maji kabla hayajakauka, kisha unitumie. Nitamshonea.

Karakana iko wazi. Wateja wa zamani wanakuja, wanavua viatu mlangoni wenyewe na kutembea peku kwenye matofali yaliyomwagiwa maji, kama baba alivyowazoesha, halafu wanasimama kuniangalia nikiinama kusoma nyayo zao. Wengine wanatokwa na machozi hapo hapo. Mimi najifanya sioni, napima tu.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Juzi ilikuwa Siku ya Marehemu, wanaporudi nyumbani kula nasi. Tulimwandalia baba meza yake: picha, mishumaa, kinywaji chake cha cebadina kwenye glasi yake yenye ufa, na mkate wa guacamaya wenye pilipili nyingi aliokatazwa na daktari. Nilikwenda kununua maua ya njano ya kumtandikia njia kutoka mlango wa uani hadi mezani. Niliporudi nilimkuta shangazi amepiga magoti uani, ufagio kauweka kando, anapapasa ardhi kwa viganja vyake viwili, hatua kwa hatua.

Nikamuuliza amepoteza nini. Hakuinua hata kichwa.

"Natafuta vigae vya chupa, Dulia. Mdogo wangu anakuja leo, na atakuja peku, na mguu wenyewe kabaki nao mmoja. Asikanyage tena."

Kaka, niliacha maua pale pale nikaingia chooni nikajifungia. Tangu Juni mama huyu mwenye miaka sabini na moja anafagia ule ua mara tatu kwa siku. Tangu siku ile ulipopiga simu pale duka la dawa ukamfokea mbele ya watu, ukamwambia kama angekuwa na akili ya kufagia baba asingekatwa mguu. Alikwambia "ndiyo, mwanangu" akarudisha simu kwa adabu. Barua zako zote tangu hapo hazimtaji. Anazisikiliza nikizisoma hadi mwisho, kisha anauliza, "Basi?" Namjibu ndiyo, basi.

Hakuna kigae, Kaka. Hakijawahi kuwepo. Baba aliuliwa na msumari, na msumari niliuacha mimi.

Soma taratibu, nitakueleza yote.

Unajua mimi na baba tulikuwa hatuelewani kuhusu soli. Yeye alitaka ngozi nyembamba inayojikunja, mguu ufanye kazi yake wenyewe, vidole vitawanyike, kisigino kiijue ardhi. Alisema mguu ukiulaza kwenye mito unasahau kutembea. Mimi nilimwambia hayo ni ya miguu mizima. Wakati huo kisukari kilikuwa kimeshamtia ganzi. Alikuwa anamwagiwa kahawa ya moto miguuni asishtuke. Mguu wa namna hiyo hauijui ardhi tena, kwa hiyo lazima kiatu kiwe na huruma badala yake. Tulibishana mwaka mzima, tukitaniana, na mara nyingine bila kutaniana.

Februari, kwa siku yake ya kuzaliwa, nikamtengenezea viatu kwa akili yangu. Kaka, niruhusu nijisifu kidogo, maana sitapata tena nafasi. Soli ya nje niliiacha laini, ijikunje kama anavyotaka yeye. Ndani nilichimba kisahani cha kisigino, nikaweka gome la vizibo chini ya uvungu wa unyayo, na juu yake sponji mbili, ngumu chini na laini juu, nikafunika kwa ngozi ya kondoo. Alipovivaa alitembea kutoka mashineni hadi mlangoni na kurudi. Kisha akasema:

"Mama, umenitengenezea viatu au godoro?"

"Godoro, baba."

"Basi nisinzie wapi, dukani au kanisani?"

Alicheka sana. Alivivaa kila siku. Nilijiona nimeshinda.

Unaikumbuka ile misumari mitatu ya shaba ya babu, ya kushikizia soli ya ndani kwenye kalibu, ule mguu wa mbao. Mmoja kisigino, mmoja katikati, mmoja mbele. Na unakumbuka kwamba kabla ya kuweka soli ya nje lazima ing'olewe, ibanwe mdomoni, kisha itemwe kwenye kile kisosi cha bluu, na baba aulize kutoka alipo, "Mitatu?" nawe utazame kisosini ndipo ujibu, "Mitatu." Wewe ulikula kofi siku ile ulipojibu bila kutazama. Mimi nilikucheka.

Siku ile nilikuwa na haraka, nataka nimalize kabla keki haijaletwa. Kiatu cha kushoto kilikuwa tayari. Kwenye cha kulia nilikuwa nimetoka kuwamba ngozi, na mdomoni nilibakiwa na msumari mmoja wa chuma. Nikang'oa wa shaba, nikautia mdomoni. Nikang'oa wa pili. Baba akauliza, "Mitatu?" Sikutema, Kaka. Nilihesabu kwa ulimi. Ulimi ulisema mitatu, nikajibu kwa meno yaliyobana, "Mitatu."

Kesho yake nilikuta kisosini shaba mbili. Nilidhani mmoja umeanguka, nikafagia, nikakosa, nikaweka wa chuma mahali pake. Ndani ya kiatu nilikuwa nimeshapitisha mkono kama tulivyofundishwa, nikagusa sponji tu. Kiganja hakina uzito wa mtu. Kwenye soli nyembamba ya baba mkono wangu ungechomwa mara moja. Ule ulaini wangu ndio uliouficha, na ile ganzi ikaficha yaliyobaki. Alitembea juu yake wiki tisa, anawasifia watu viatu vya bintiye.

Aprili shangazi aliona damu kwenye soksi. Baba akasema amekanyaga kigae cha chupa uani, na hakutaka kuulizwa zaidi. Daktari alisafisha, hakuona kigae, akasema huenda kilitoka chenyewe. Yaliyofuata unayajua, harufu, homa, Juni wakakata chini ya goti, Septemba damu ikachafuka yote.

Mimi nilikiona kile kidonda. Kilikuwa kitundu cha mviringo chini ya kifundo cha dole gumba, mahali pa msumari wa mbele. Fundi wa viatu gani asijue? Nilijua, Kaka, nikanyamaza. Viatu nilivitupa chini ya meza ya kazi bila kuvitazama ndani. Wewe ulipomfokea shangazi nilikuwa nimesimama kando yake, nasikia sauti yako ikitoka kwenye simu, nikanyamaza. Sina la kujitetea hapo. Niliogopa kukupoteza wewe, na niliogopa zaidi baba asije akafa akijua.

Siku yake ya mwisho hospitali, shangazi alikuwa ametoka kwenda kununua chai. Baba alikuwa amefumba macho toka asubuhi. Ghafla akasema, kwa sauti yake ile ya kazini kabisa:

"Mitatu?"

Nilidhani anaota. Akarudia, safari hii ananitazama.

Nikamwambia, "Miwili, baba." Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kunitoka, na lilitoka na kilio hadi muuguzi akaja mbio.

Akanishika kifundo cha mkono, unaijua mikono yake, kidole gumba kigumu kama pembe. Akasema, "Ipo mitatu, mama. Niliurudisha. Nenda katazame."

Hakusema kingine cha maana tena. Saa kumi jioni akatutoka.

Baada ya maziko nilikwenda kutazama. Kisosini kulikuwa na shaba tatu, na ule wa chuma umewekwa kando. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi tuliyompeleka hospitali mara ya mwisho aliomba kiti chake kipitishwe karakanani, akaweka mkono juu ya meza, karibu na kisosi, kama anayeiaga. Nikatoa kile kiatu cha kulia. Pembeni ya soli, urefu wa kidole, mshono ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya. Ule mshono si wangu. Ni wake, ule unaolala upande kidogo, na uzi ameupaka nta mara mbili. Tangu Aprili alijua. Aliketi peke yake na kidonda chake, akafungua soli, akauondoa msumari wangu, akashona vizuri nisije nikagundua, kisha akabuni kigae. Hakufikiri kwamba kigae nacho kitamwangukia mtu.

Jana nilimwambia shangazi yote. Nilimkalisha kwenye kigoda cha baba, nikapiga magoti. Nilitegemea anipige, na ningeshukuru. Alisugua magoti yake. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo uani kulikuwa safi?"

Nikamwambia, "Kulikuwa safi, shangazi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Hapo ndipo alipolia. Hata mazikoni hakulia hivyo. Leo asubuhi amefagia mara moja tu, akarudisha ufagio mahali pake, akaniambia nile. Hajasema zaidi, nami siwezi kumuuliza.

Kaka, kwangu utaamua utakavyo, una haki. Lakini kwa huyu mama usichelewe. Mpigie pale duka la dawa Jumapili baada ya misa, saa sita, nitamleta na nitatoka nje. Mwite jina lake kwanza, kabla ya salamu.

Nisalimie wifi Nélida, na mbusu Ulises kwenye nyayo zote mbili. Shangazi Casimira anakusalimu. Nilimuuliza niandike nini, akasema, "Mwambie avae soksi mbili." Mungu akulinde huko kwenye theluji, azishike hatua zako, na akujalie siku moja uje utembee peku kwenye matofali yetu.

Dada yako akupendaye, hata kama kwa sasa hutaweza kumpenda,
Obdulia

Nyongeza: Papasa bahasha kwa uangalifu kabla hujaitupa. Nimekufungia msumari ule ndani ya kipande cha sponji. Kisosini imebaki miwili. Sikuombi uandike kwamba umenisamehe, najua maneno kama hayo hayakutoki kirahisi. Siku utakayoweza, urudishe tu. Kila bahasha ikija nitaikung'utia kisosini, na safari hii nitahesabu kwa macho.