Chupa ya Hewa ya Shambani

Shambani, Illinois
10 Januari 1971

Binti yangu Marit,

Salamu nyingi kutoka baridini. Mimi mzima, ila goti, na kichwa kinanigonga kila asubuhi. Chupa yako nimeijaza kama ulivyoagiza: nimekwenda mpaka uzio wa mwisho, nikaukabili upepo, nikabana pumzi, nikafungua. Hivi kweli mnalipwa kwa kupima hewa? Basi mimi nitauza theluji.

Baba yako, Halvor


Chicago, 18 Januari

Shikamoo Baba,

Nimecheka peke yangu maabara nzima ikanigeukia. Kichwa ni hiyo kahawa unayoichemsha mara tatu, punguza. Chupa yako inasubiri zamu, ziko thelathini mbele yake. Tunatafuta kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, tujue imetoka wapi. Iliyotoka kwenye moto ina oksijeni nzito. Iliyozaliwa angani kwenyewe, nyepesi. Hewa yako ndiyo safi tunayoitegemea. Nijazie na ile chupa ya pili.

Mwanao, Marit


Shambani, 7 Februari

Marit mwanangu,

Hujambo? Bamse amekufa. Nimemkuta asubuhi kando ya jiko, kama kalala. Mbwa wa miaka minane tu! Nimelia, usimwambie mtu. Kitanda nimekihamishia jikoni, pale pake, kuna joto. Kahawa nimepunguza, kichwa bado.

Baba


Chicago, 23 Februari

Baba,

Leo sina salamu. Toka ndani ya nyumba hiyo sasa hivi. Chupa yako nimeipima mara tatu nikidhani nimekosea. Gesi imejaa kupita barabara kuu ya hapa mjini, na oksijeni yake ni nzito, ya moto mtupu. Hiyo si hewa ya uzioni. Uliijaza jikoni, sivyo? Sijakasirika. Jiko lako linavuja gesi hiyo, nayo ni sumu, ndilo lililomuua Bamse, na mimi nikakuandikia habari za kahawa!

Simu yako ulishaikata. Kwa jirani yako Bi Tollefson nyaya zimeanguka, na polisi wanasema barabara imezibwa na theluji, hawajui mpaka lini. Sijui nifanye nini, Baba. Fungua madirisha.

Marit wako


Shambani, 24 Februari

Marit mwanangu,

Hujambo? Gari la posta halijapita tangu Jumamosi, kwa hiyo kama umeandika sijapata. Nina la kukiri. Ile chupa ya kwanza niliijaza jikoni. Goti liliuma, nikaona hewa ni hewa tu. Lakini roho imenisuta: mwanangu anaitegemea hewa yangu. Leo nimekwenda kweli na chupa ya pili mpaka uzio wa mwisho, theluji kiunoni, nikabana pumzi mpaka macho yakaingia kiza. Ajabu, kule nje kichwa kiliacha kabisa kuuma.

Ukiipima hii utaona mwenyewe. Sasa nimerudi, nimeganda. Nyufa za dirisha nimeziziba zote kwa matambara, jiko nimelijaza makaa, najilaza kidogo.

Baba yako