Maua ya Warusi Si Majani ya Ng'ombe

Kitengela,
Jumapili, saa ya kanisa ambalo sikuenda

Mama Naserian,

Takwenya. Najua umeitikia "iko" ukiwa umekunja uso, kwa sababu barua kutoka kwangu si kitu cha kawaida. Tangu tuoane nimekuandikia mara mbili tu, wakati nililazwa na wakati mama alituacha. Kwa hivyo kaa chini kwanza. Mimi sijalazwa, na hakuna mtu amekufa. Magoti yanalia nikisimama, meno yaliyobaki yanatosha ugali, na macho bado yanaona wanawake wazuri wakipita, kwa hivyo niko na afya. Na wewe, mgongo umepunguza kuuma? Vile vitunguu vya kando ya mtaro vimesimama ama vimelala? Watoto wa kijana wetu Lemayian wanapata maziwa?

Naandika kwa sababu nikipiga simu unacheka. Juzi nimekuambia usiwalete ng'ombe huku, ukasema, "Mzee, umeanza tena," ukanikatia. Sikulaumu. Mtu aliyewahi kukuambia serikali imeanza kutoza kodi kwa wanawake wanaokoroma, na ukakaa wiki nzima na hasira, aaminiwe kwa nini? Lakini naskia Lemayian ameshachagua vijana wa kutembea na ng'ombe mpaka huku. Soma hii yote kabla hawajatoka. Ulinipita madarasa matatu, kwa hivyo usilalamikie mwandiko.

Unajua kazi yangu hapa kwa shamba la maua ni kusukuma takataka. Majani yaliyokatwa, miiba, maua yaliyooza, napeleka kwa shimo la mbolea. Sasa asubuhi moja mwezi uliopita nikakuta mlangoni mwa kile chumba cha baridi maua yamerundikwa mpaka kifuani kwangu. Si yaliyooza. Rosi nyekundu, ndefu kama fimbo yangu, zimefungwa vizuri kwa makaratasi kama zinaenda arusi. Supavaiza wetu, Mama Wanjiku, yule mama wa Kiambu mwenye sauti ya kuita mtu aliye Namanga, akasema, "Mzee, beba hayo yote upeleke shimoni."

Nikamwambia, "Mama, leo umeamkia upande gani? Haya ni mazuri."

"Yalikuwa ya Warusi. Warusi wako vitani."

"Kwani wanaenda vitani na wake zao? Si hao wake wamebaki nyumbani, wapelekewe maua?"

Hakucheka. Akaniambia ndege ya mizigo haishuki huko tena, na nchi zingine zimefungia Warusi benki, hata yule mnunuzi akitaka kulipa, pesa yake haina mlango wa kutokea. Nikauliza kwa nini wasiuziwe watu wengine. Akasema watu wengine wanataka rosi fupi. Hizi ndefu zilioteshwa kwa ajili ya Warusi peke yao, kwa siku yao ya akina mama, na hiyo siku haingoji vita viishe.

Nilisimama hapo na mkokoteni wangu kama mtu amepigwa na jua. Kwetu ukigombana na jirani unamnyima maji, unamnyima malisho, lakini yule mgomvi wako unamjua sura. Mimi Mrusi sijawahi kumwona hata mmoja, na huyo anayepigana naye pia sijui kama ni mrefu ama mfupi. Na bado mkokoteni ni wangu. Siku hiyo nilipeleka safari mpaka nikaacha kuhesabu. Wasichana wa kufunga maua walikuwa wamesimama ukutani, mikono imekosa kazi, wananiangalia nikipita kama mtu anayepeleka maiti. Kesho yake nusu yao wakaambiwa wabaki nyumbani. Tena huyo Mama Wanjiku ndiye aliniambia ile mbolea ya dukani unayolilia kwa vitunguu vyako imepanda kwa sababu ya vita hivyo hivyo, na mafuta ya kupikia pia. Nilidhani ni yule mwenye duka wa Kimana ana roho mbaya, nikamtukana bure siku zote hizo. Mwambie nimemsamehe.

Sasa ikaja akili yangu. Wewe unajua vile kumekauka. Nado, ile ng'ombe yako nyekundu uliyonipa nije nayo ili chai yangu isikose maziwa, ilikuwa imebaki mbavu na macho. Majani ya kununua hapa Kitengela yanauzwa kwa maringo kama nguo. Na mimi nazika chakula kibichi kila siku. Nikamuuliza Mama Wanjiku kama naweza kubeba kidogo. Akasema, "Mzee, hayo ni ya kuzikwa. Yamewekwa dawa." Nikaona ni maneno ya watu wa mashamba. Mimi nilifundishwa na baba yangu kwamba ng'ombe ana pua kuliko daktari. Akinusa kitu akakubali, hicho ni chakula. Akikataa, hata umwimbie hali.

Nado alinusa akakubali. Nilimtolea miiba na kisu, shina moja moja, nikamlisha kwa mkono. Alikula rosi za Warusi amefumba macho. Hapo ndipo nilikupigia simu nikasema lete ng'ombe wote, huku wanakula kama wake za mabalozi, na wewe ukacheka ukaniuliza mbona miaka hii yote hujawahi kupata hata ua moja. Nikajibu kwamba wewe hutoi maziwa. Nisamehe hiyo. Siku zile maziwa yaliongezeka kweli, sikukudanganya.

Lakini hayo ya kwanza yalikuwa yamekatwa tu na kufungwa. Wiki ya pili walianza kutoa yale yaliyokaa ndani ya chumba cha baridi, ambayo yalikuwa yamechovywa kwa dawa ya kuzuia yasioze safarini. Mimi sikujua kuna tofauti. Rosi ni rosi. Nilimpelekea Nado mzigo jioni, akanusa, akakubali.

Asubuhi nilimkuta anatoa mate kama kamba. Miguu inatetemeka, ananiangalia. Nikamwita jina lake, akajaribu kuja, magoti yakakataa. Nilikimbia kumtafuta daktari wa mifugo. Mimi, kukimbia. Alipofika akanusa mdomo wake, akaniuliza, "Mzee, umempa nini?" Nikasema maua. Akafikiri namfanyia mzaha. Unaona, hata daktari. Ilibidi nimshike mkono nimpeleke kwa zizi aone mabaki. Alipoyaona akamdunga sindano, lakini akaniambia ukweli kwamba tumechelewa. Nado hakufika saa sita.

Majirani wakaja na visu. Kulikuwa na mmoja, kijana wa buchari, akasema, "Mzee, nyama ni nyama, tusaidiane." Nikamwambia akikata hata kwato nitamchapa mbele ya wateja wake. Nikamwaga maziwa ya jana pia, ambayo kwa bahati nilikuwa sijanywa. Nilichimba shimo pamoja na wanaume wawili wa hapa plotini, tukamzika ng'ombe mzima, na ngozi yake. Mimi mzee wa miaka hii nimezika nyama wakati watu wana njaa.

Mama Naserian, nimewaza sana na sipati mwisho. Watu wanagombana mahali kuna barafu, na ng'ombe yako inakufa Kitengela ikiwa imeshiba. Sikumchukia Mrusi wala adui yake. Aliyetoa miiba kwa kisu ni mimi.

Na haya maua bado yanatoka. Jana yamewekwa nje ya ua wa shamba, na nimeona wachungaji wawili kutoka upande wa Isinya wakisogeza ng'ombe zao. Nimewafukuza kwa mawe, wakaniita mchoyo. Hii habari ya chakula cha bure imefika Kajiado, imefika kwenu, na imefika kwa mdomo wangu. Lemayian akitoka na wale ng'ombe kumi na tisa, watafika hapa wakiwa na njaa ya siku nyingi, na hakuna fimbo itawazuia. Afadhali wakonde huko kwenu karibu na chemchemi. Aliyekonda anaweza kunyeshewa akainuka.

Msalimie Naserian, mwambie babake bado ni mzuri. Msalimie mama mkwe wa Lemayian na umwambie nimeacha kumsema, ingawa si sana. Pasta mwambie naombea mvua, lakini asimamie yeye maana mimi huko juu sijulikani. Barua hii inakuja na Kimani, dereva wa lori la nyanya, mtu mkimya. Mpe chai.

Kuna kitu nimekifunga kwa kitambaa ndani ya bahasha. Usikifungue mbele ya watoto. Ni sikio la kushoto la Nado, kitu pekee nilichokata kabla hatujamfukia, nimelipaka chumvi nikalikausha juani. Mkato ulio hapo ni wa boma letu, utaujua kwa kidole. Mchungaji akipoteza ng'ombe hurudi na sikio, ili wenye ng'ombe wajue hakuuza na hakudanganya. Mimi nimechunga tangu niwe mdogo kuliko ndama na sijawahi kurudisha sikio kwa mtu. Mpe Lemayian alishike. Akishalishika, muulize kama baba yake anacheka.

Ni mimi mume wako,
Baba Naserian